Kutuliza akili au kuipa kazi? Njia za mjamzito zikilinganishwa

"Usiwe na mawazo, utamdhuru mtoto." Mjamzito huambiwa hivyo na mama mkwe, na jirani, wakati mwingine hata na muuguzi mwenye foleni ndefu mlangoni, na hakuna anayemwonyesha namna ya kuyaacha hayo mawazo. Akifungua simu anakuta orodha: pumua, tembea, soma, sikiliza muziki, fuma, andika. Zote zinasifiwa sawasawa, kana kwamba panadol na dawa ya minyoo ni kitu kimoja kwa sababu zote ni vidonge.

Njia hizi ni za aina mbili. Zipo zinazoshusha mwili: moyo unapunguza mbio, misuli inalegea, usingizi unasogea karibu. Na zipo zinazoipa akili kazi, nayo ikiwa kazini inakosa muda wa kuzunguka hofu ileile moja. Anayecheza bao saa sita usiku atakesha akipanga namna ya kula kete. Anayejinyoosha kulegeza misuli saa nne asubuhi, ilhali kinachomsumbua ni upweke, atasinzia mchana na usiku atahesabu mabati. Wengi wanaosema "nimejaribu, haikunisaidia" walikuwa na njia nzuri, ila waliishika saa isiyo yake.

Kabla ya yote, angalia damu

Moyo kwenda mbio, kuhema ukipanda ngazi chache, kuchoka tangu asubuhi, kusoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuelewa: dalili hizi huitwa wasiwasi, na huenda ni upungufu wa damu. Tazama kadi yako ya kliniki palipoandikwa Hb, yaani kipimo cha wingi wa damu. Kipimo kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mweleze mkunga kwanza, maana hakuna zoezi la pumzi linaloongeza damu. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki humezwa kila siku, na visimezwe pamoja na chai wala kahawa, kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia madini yasifyonzwe. Acha saa moja au mbili kati yake.

Hapohapo tuseme la udongo. Vijiti vya pemba vinavyouzwa sokoni huwatuliza wengi kwa muda, na kuutamani udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Lakini kuula hakuongezi damu. Huzuia chuma kufyonzwa, na udongo wenyewe unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata risasi. Hamu ikiwa kali, itaje kliniki bila aibu. Wamezoea kuisikia.

Pumzi au kulegeza misuli?

Zote mbili zinashusha mwili. Tofauti yake ni mahali na muda.

Zoezi la pumzi linafanyika popote: kwenye benchi la kliniki, ndani ya daladala, jikoni ukisubiri maji yachemke. Kaa mgongo ukiwa umeegemea, weka kiganja kimoja kwenye mbavu za chini. Vuta hewa kwa pua polepole ukihesabu hadi 4, mbavu zisukume kiganja. Itoe kwa midomo iliyobana kidogo, kama unayepuliza chai ya moto, ukihesabu hadi 6. Sekunde 10 kwa pumzi moja ni pumzi 6 kwa dakika; fanya dakika 5, jumla pumzi 30. Kinachotuliza zaidi ni kule kutoa kurefu kuliko kuvuta. Mimba ikifika mwezi wa nane, tumbo la uzazi limesukuma juu kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na hesabu ya 4 na 6 inaweza kukubana. Shusha hadi 3 na 5.

Kosa la kwanza ni kuvuta hewa nyingi kwa nguvu. Ujauzito wenyewe tayari unakufanya uvute hewa zaidi ya kawaida. Ukiongeza juu yake, kaboni dayoksaidi inashuka mno katika damu, midomo na ncha za vidole vinawashawasha kama vimetembelewa na sisimizi, kichwa kinakuwa chepesi, na hofu uliyokuja kuifukuza inarudi na wenzake. Hali hiyo ikitokea usivute zaidi. Punguza ukubwa wa pumzi, ziwe ndogo na za taratibu. Kosa la pili ni kubana pumzi. Video nyingi zinafundisha kuvuta, kubana hadi hesabu ya 7, kisha kutoa. Mjamzito aiache hiyo sehemu ya kubana.

Kulegeza misuli kwa zamu ni mbinu iliyoenezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, mwanzoni mwa karne ya 20. Wazo lake ni kwamba watu wengi hawajui kwamba wamejikaza mpaka wakaze zaidi kwa makusudi, kisha waachie. Inahitaji muda wa kutulia, na kitanda au mkeka. Lala ubavu, mto mmoja kichwani, mwingine kati ya magoti, kanga iliyokunjwa chini ya tumbo. Kaza kundi moja la misuli sekunde 5, achia ghafla, kaa sekunde 20 ukisikia tofauti, kisha nenda kundi linalofuata: nyayo, mapaja, makalio, ngumi, mabega yakipandishwa hadi masikioni, taya, paji la uso. Tumbo lirukwe.

Angalizo moja kwenye nyayo. Usinyooshe vidole kwenda chini, maana shavu la mguu la mjamzito hubana kwa urahisi, na ukishapiga yowe la mguu saa tano usiku hakuna aliyelala nyumba nzima. Vuta vidole kuelekea kwako. Mguu ukibana, njia ni hiyohiyo: kisigino mbele, vidole juu, subiri uachie.

Usilifanye zoezi hili ukiwa chali baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kadiri tumbo linavyokua, hulemea mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na unaweza kupata kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Kuanzia wiki ya 28 ushauri ni kuuanza usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Ukishtuka na kujikuta chali, geuka ulale. Wapo wanaokesha wakijilinda wasigeuke, na huo nao ni wasiwasi mpya.

Kwa usiku, chagua misuli. Kwa mchana na mbele za watu, chagua pumzi, nayo ina faida ya ziada: utaihitaji tena chumba cha kujifungulia, na aliyeizoea kwa miezi hajifunzi akiwa kwenye uchungu.

Kutembea au kazi ya mikono?

Hapa swali ni hili: kinachohangaika ni mwili au ni kichwa? Mwenye miguu isiyotulia, anayezunguka ndani ya nyumba akifungua friji na kuifunga, atembee. Mwenye mwili uliochoka na kichwa kinachosaga, ashike kitu mkononi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mjamzito asiyekatazwa na daktari apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa kutembea ni dakika 30 siku tano, na unaweza kuzigawa 10 mara tatu. Kipimo cha mwendo ni mdomo: uweze kuongea sentensi nzima, usiweze kuimba. Pwani toka kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na chupa ya maji. Zunguka karibu na nyumbani badala ya kwenda moja kwa moja, kwa sababu kibofu hakikupi taarifa mapema. Kandambili ziache mlangoni. Viungo vimelegea na kifundo cha mguu hupinduka upesi. Maumivu yakianza mbele kabisa ya nyonga, fupisha hatua. Kama umewahi kutokwa damu katika mimba hii, au umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini au shingo ya kizazi ni fupi, uliza kliniki kabla ya kuanza. Ukiwa njiani ukaona damu au maji, kifua kikauma, kichwa kikagonga vibaya au macho yakaona vimulimuli, safari ya kutembea imekwisha na ya hospitali imeanza.

Kazi ya mikono haisifiwi inavyostahili. Mtazame anayesuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Ukindu umeshachanwa na kulowanishwa kidogo, kwa sababu mkavu unakatika. Chane zinapandana, moja juu, moja chini, ukingo unakunjwa, chane ikikaribia kwisha inachomekwa nyingine kabla pengo halijaonekana. Mkono unahesabu wenyewe. Akili inashikwa kiasi cha kutosha kuacha kuzurura, na inabaki huru kuzungumza na aliyekaa pembeni. Kosa linaonekana palepale na linafumuliwa palepale, tofauti na kosa la kuwaza, ambalo hujui hata lilianzia wapi. Na kazi inakubali kuachwa: ukiitwa, unauviringisha ukili na kuuweka.

Asiye na ukindu afume. Kazi nzuri ya kuanzia ni kofia ya mtoto: kichwa cha mtoto aliyezaliwa kwa wakati kina mzingo wa takriban sentimita 35, kwa hiyo fuma mzingo wa 33 hadi 34, uzi unavutika. Kwa joto letu chukua uzi wa pamba, gramu 50 zinatosha. Usitie kamba ya kufungia shingoni wala vifungo. Na kama kwenu ni mwiko kumwandalia mtoto vitu kabla hajafika, heshimu utulivu wako wewe na wa wazee: fuma kitambaa cha meza. Mkono hautajua tofauti.

Kinachoharibika ni kiganja. Mwili wa mjamzito hutunza maji, uvimbe unabana neva kwenye kifundo cha mkono, na dole gumba, cha shahada na cha kati vinaingia ganzi, hasa usiku. Fuma dakika 20, pumzika 10, kifundo kikae kimenyooka. Ganzi ikizidi, acha sindano wiki nzima, urudi kwenye kutembea. Na usikae umekunja miguu mkekani saa nzima. Kaa kitini, miguu juu ya kigoda.

Bao, kitabu, muziki, simu

Watu wanasema mimba inakula akili. Unasahau funguo, unaingia chumbani na hujui ulifuata nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida Nature Neuroscience ulipiga picha za ubongo wa wanawake kabla na baada ya mimba ya kwanza, ukaona baadhi ya maeneo yamebadilika ukubwa, na mabadiliko hayo yalikuwepo bado miaka miwili baadaye. Yalikuwa zaidi katika maeneo yanayohusika na kuwasoma watu wengine. Vipimo vya kumbukumbu havikuonyesha kwamba wanawake hao wameshuka. Huna haja ya kufanya mafumbo ya gazeti kama dawa. Fanya kwa raha.

Kwa raha, bao halina mpinzani. Mashimo 32, kete 64. Anayeanza aache namua, ile hatua ya kuingiza kete moja moja, aanze na bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, acheze hadi aone mkono wake unajua kete zitaishia wapi kabla hajazimwaga. Huhitaji ubao wa mninga: mashimo ardhini na komwe, au mawe madogo, yanatosha. Barazani wanaume wamejifanya wenyewe ndio wenye mchezo, basi lichezeni uani. Ubora wake kuliko kitabu ni kwamba linakulazimisha kuwa na mtu. Ubaya wake ni ushindani, unachemsha damu. Likunjwe kabla ya saa mbili usiku.

Kitabu kinafaa kwa anayeishi peke yake na kwa dakika 20 za mwisho kabla ya kulala, kiwe cha karatasi.

Muziki: sikiliza unachokipenda, taarabu, kaswida, kwaya. Mtoto huanza kuitikia sauti za nje takriban wiki ya 24 hadi 27, na sauti anayoisikia zaidi ya zote ni yako. Vipaza sauti vya kubandika tumboni ni kupoteza pesa. Ile hadithi ya kwamba muziki wa Mozart unazaa watoto wenye akili ilitokana na utafiti wa mwaka 1993 uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima, na nafuu waliyoipata katika mtihani mmoja ilidumu dakika chache.

Simu ndiyo ngumu. Inaonekana inatuliza kwa sababu inanyamazisha, lakini kundi la wajawazito 200 lina kila siku angalau mmoja mwenye habari mbaya, na habari hiyo itakukuta kitandani. Iweke kwa kazi moja: kuandika maswali ya kumpelekea mkunga. Kisha ilale sebuleni.

Daftari au mtu?

Daftari ni la jioni, saa kumi na mbili hivi, mezani, kamwe si kitandani. Dakika 10. Gawa ukurasa kwa mstari katikati: kushoto mambo yenye hatua, kulia yasiyo mikononi mwako. "Uchungu ukianza usiku tutafikaje?" linakwenda kushoto, na chini yake andika hatua: namba za madereva wawili, nauli imewekwa pembeni, nani atabaki na watoto. "Je, nitafanyiwa upasuaji?" linaonekana la kulia, lakini nusu yake ni swali la kliniki ijayo, liandike hivyo. Yanayobaki kulia yakiachwa kwenye karatasi, au kupelekwa kwenye sala, yamepata pa kukaa.

Daftari linashindwa pale hofu moja inapoandikwa siku tatu mfululizo kwa maneno yaleyale. Hapo linakuwa njia nyingine ya kuisaga. Hofu hiyo inataka mtu.

Mtu gani? Si lazima awe aliyezaa wengi. Awe anayetunza siri na asiyejibu kila neno kwa "sisi tulijifungulia shambani na tuko hai". Shangazi, dada, somo wako. Njia hii ina ushahidi wake. Kijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, na kuzungumza nao kwa mpangilio. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuwa mazuri kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliigeuza kuwa mwongozo mwaka 2015. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwaweka mabibi kwenye mabenchi nje ya zahanati kuanzia mwaka 2006, nao wakafanya kazi hiyohiyo kwa watu wa kila aina. Kinachofanana ni mpangilio: taja shida zote, chagua moja, tafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hii, kutana tena useme imekwendaje. Shangazi anaweza kufanya hivyo. Mwambie mapema kwamba hutaki ushauri leo, unataka akusaidie kuchagua moja.

Njia hizi zinapokuwa ndogo kuliko kero

Duniani, takriban mjamzito mmoja katika kila kumi ana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea Shirika la Afya Duniani linataja asilimia 15.6. Dalili ya kutazama ni muda: wiki mbili za huzuni au wasiwasi karibu kila siku, kukosa hamu hata ya unachokipenda, usingizi usiokuja hata mwili ukiwa umechoka. Wazo la kujidhuru halisubiri wiki mbili, linapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza. Kama ulikuwa unatumia dawa za sonona au kifafa kabla ya mimba, usizikate mwenyewe kwa kumwogopea mtoto. Kukata ghafla kunaweza kuwadhuru nyote wawili. Daktari ndiye wa kupima ipi ibaki.

Baadhi ya kliniki zina fomu ya maswali kumi ya Edinburgh, iliyotungwa mwaka 1987 kwa waliojifungua na sasa hutumika kwa wajawazito pia. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na swali la kumi ni la kujidhuru. Kama hawakuulizi, usiseme "nina mawazo tu", maana utaambiwa usiwe nayo. Sema kwa hesabu: "Wiki ya tatu sasa napata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku. Kula ni mara moja kwa siku. Nimeacha kufuma, na nilikuwa nafuma kila jioni. Naomba mnipime, au mnielekeze kwa anayepima."